Visanduku Mahali pa Herufi

Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki Mei 28, 2025, tanzia ziliandikwa kwa lugha nyingi, na kwa mashine nyingi kuliko lugha. Wiki chache baadaye kikundi cha waandishi kiliniomba nikusanye baadhi ya maandishi hayo, niyatoe kama kitabu pepe cha kugawiwa bure. Kazi yangu ndiyo hiyo: natayarisha faili za EPUB kwa wachapishaji wa Nairobi, na mara mojamoja wa Dar es Salaam na Mombasa. Nilipoziweka makala zote pamoja, niligundua kwamba marehemu ana majina mengi. Kulikuwa na Ngugi asiye na chochote kichwani. Kulikuwa na Ngûgî mwenye kofia, na Ngūgī mwenye vistari. Na katika makala moja iliyopita kwenye barua pepe za watu kadhaa kabla ya kunifikia, mzee aliitwa NgÅ©gÄ© wa Thiongâ€™o.

Hakuna hata mmoja kati ya waandishi hao aliyekusudia kumvunjia heshima. Kila umbo lilikuwa likieleza njia liliyopitia. Mwenye vistari aliandika kwa simu: ukiibonyeza u na kuishikilia kwenye kibodi ya Kiingereza, unaletewa msururu wa ù, ú, û, ü na ū, na kama ũ haimo unachukua inayoikaribia. Yule wa mwisho aliandika sawasawa kabisa. Herufi ũ ikihifadhiwa kwa mtindo wa UTF-8 huwa baiti mbili. Programu fulani njiani, ikiamini kwamba baiti moja ni herufi moja, ilizisoma kama Å na ©. Na mwenye kofia, huyo nilimjua mara moja, kwa sababu nimelelewa kikazi na kofia hizo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa kijana wa kompyuta katika duka la uchapaji karibu na River Road. Tulichapa kadi za harusi, vijitabu vya mazishi na vitabu vya nyimbo za makanisa, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ya Kikuyu. Kikuyu kina irabu saba, na mbili kati yake, ĩ na ũ, huvaa kiwimbi. Wakati wa taipureta, nilivyosimuliwa na wakubwa, i ilipigwa kwanza, kiwimbi kikaongezwa kwa kalamu. Kalamu haijawahi kushindwa na herufi. Ngũgĩ mwenyewe aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ katika gereza la Kamĩtĩ kwenye karatasi za chooni, na viwimbi vyake vyote vilitoka salama. Kompyuta ndiyo iliyoleta shida. Windows ya siku zile ilitumia jedwali la nafasi 256 kwa lugha za Ulaya Magharibi. Î na û zilikuwa na nafasi, kwa kuwa Mfaransa anazihitaji. Ĩ na ũ hazikuwa nayo.

Basi fundi mmoja, ambaye sikuwahi kukutana naye, aliifungua fonti, akaivua û kofia yake na kuivalisha kiwimbi. Mfano wa gesti unafaa hapa: kila herufi ina chumba chenye nambari, na fonti ndiyo inayoamua nani amelala ndani. Mlango uliendelea kusema û, lakini ukiufungua unamkuta ũ. Diski yenye fonti hiyo mwenye duka aliiweka kwenye droo moja na pesa, na ilistahili. Kwenye karatasi kila kitu kilitoka kizuri, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika, kwani karatasi haiulizi nambari ya chumba.

Miaka ilipita, simu za kisasa zikaenea, na wachapishaji wakaanza kuniletea CD za vitabu vya zamani niwageuzie viwe vitabu pepe. Hapo ndipo milango ilipofunguliwa. Fonti ya siri haikuwemo kwenye simu ya mtu yeyote, kwa hiyo kofia zote zilirudi kichwani: mũndũ akawa mûndû, kĩrĩa kikawa kîrîa. Kuzibadilisha hakukuwa kugumu, isipokuwa katika kitabu kimoja cha historia kilichokuwa na majina ya Kifaransa, ambamo baadhi ya kofia zilikuwa halali na ilibidi nipite ukurasa kwa ukurasa. Lililokuwa gumu ni kumweleza mchapishaji kwamba kitabu chake, alichokiona kwa macho yake kikiwa sahihi kwa zaidi ya mwongo mmoja, kilikuwa kimehifadhi herufi nyingine kabisa.

Tangu hapo nimekuwa nikitenganisha mambo matatu ambayo watu huyaita kwa jina moja, "alama haitokei". Kuiandika alama ni kazi ya kibodi. Kuihifadhi ni kazi ya nambari yake, na kwa ũ nambari hiyo katika Unicode ni 0169, kwa ĩ ni 0129. Kuionyesha ni kazi ya fonti iliyo kwenye kifaa cha msomaji. Katika kitabu cha karatasi mchapishaji anamiliki yote matatu. Katika kitabu pepe anamiliki lile la kati tu. Msomaji huchagua fonti aitakayo, akaikuza, akaigeuza rangi, na hata fonti niliyoipachika ndani ya faili anaweza kuizima kwa kubonyeza mara moja. Mwonekano ni wa kwake. Mimi nikikosea nambari, hana namna ya kuirekebisha.

Kwa ĩ na ũ, kuonyesha kumekuwa rahisi kuliko wengi wanavyodhani, na anayestahili shukrani ni Mvietinamu. Lugha yake hutumia herufi hizo mbili kwa toni, nayo ina wasomaji wengi mno kiasi kwamba watengenezaji wa fonti hawawezi kuipuuza. Fonti ikitangaza kwamba inakubali Kivietinamu, Mkikuyu, Mkamba na Mmeru wamo. Mmaasai hana bahati hiyo. Ɛ, ɔ, ɨ na ʉ zake zinahitaji fonti kama Charis SIL, ambayo leseni yake inaruhusu kuipachika kitabuni bila malipo.

Kuna kampuni moja niliyoifanyia kazi kwa muda ambayo haikutaka habari za nambari wala leseni. Herufi ngumu zilikatwa kama picha ndogondogo na kubandikwa katikati ya maneno. Siku ya kukabidhi, kwenye kompyuta ya mkurugenzi, kitabu kilipendeza. Nilikichukua kwenye simu yangu nyumbani usiku, nikageuza ukurasa uwe mweusi ili taa isiniumize macho. Kila herufi ngumu ikageuka kiraka cheupe chenye herufi nyeusi ndani, ukurasa mzima ukawa na mabaka. Nilipokuza maandishi, viraka vilibaki vidogo vilevile. Nilipotafuta neno lenye herufi hiyo, simu iliniambia halipo, kwa kuwa kwake halikuwa neno bali mabaki ya neno pande mbili za picha. Napendelea kisanduku kitupu kuliko picha. Kisanduku angalau kinasema ukweli: herufi ipo, ila simu hii haina sura yake. Kesho simu nyingine itaionyesha.

Wasomaji wa Kiswahili wanaweza kujiona wamesalimika na haya yote, maana alfabeti yetu haina vikorombwezo. Ina ng'. Nilijua ukubwa wa jambo hili tulipotengeneza kijikamusi cha wanafunzi. Mwalimu mmoja alipiga simu kusema kwamba ng'oa haimo, wala ng'ombe, wala ng'ambo. Vyote vilikuwemo. Mhariri alikuwa ameviandika kwa ritifaa iliyopinda, nambari 2019, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe. Mwanafunzi kwenye simu alitafuta kwa ritifaa iliyonyooka, nambari 0027. Kwa jicho tofauti yake ni ndogo mno. Kwa programu ile ya kusomea, hizo ni alama mbili zisizojuana. Na ipo ya tatu, 02BC, ambayo huhesabiwa kuwa herufi kamili wala si alama ya uakifishaji. Wanaisimu huipenda, na kwa kweli wana hoja, kwa kuwa katika ng' alama hiyo ni sehemu ya herufi. Lakini sijaona kibodi ya kawaida hapa kwetu inayoitoa, na alama isiyoandikika ni alama isiyotafutika. Nilichoamua ni hiki: kamusi na vitabu vya shule naviachia ritifaa iliyonyooka, hata kama wasanifu wananung'unika kwamba haina mvuto. Riwaya nazipa iliyopinda. Ninachokataa ni mchanganyiko ndani ya kitabu kimoja.

Mchanganyiko wa namna hiyo huja pia kwa ũ, tena kwa siri zaidi. Unaweza kuihifadhi kama herufi moja, 0169, au kama u ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi kinachoelea, 0303. Zikionyeshwa vizuri huwezi kuzitofautisha. Nilipewa riwaya iliyopigwa chapa na watu wawili, na jina la mhusika mkuu lilipatikana kwenye sura za mmoja likakosekana kwenye za mwenzake. Ipo amri ya kuziunganisha zote ziwe za aina moja, na sasa kila mswada unaoingia naupitisha kwenye amri hiyo kabla hata sijausoma.

Kazi iliyonifunza zaidi ya zote ni diwani ya mshairi mmoja wa pwani. Alikuwa mzee mwenye msimamo, na mashairi yake yalikuwa ya kimapokeo, mizani kumi na sita kwa kila mshororo, nane za ukwapi na nane za utao. Ili mizani itimie, alikata silabi mwanzoni mwa maneno na kuweka ritifaa mahali pake: amekwenda ikawa 'mekwenda, nimemuona ikawa 'memuona. Programu ya kuandikia, kila ikikuta ritifaa mwanzoni mwa neno, hudhani kwamba mtu anafungua usemi, na huigeuza ielekee upande mwingine: ‘mekwenda badala ya ’mekwenda. Diwani nzima ilikuwa imejaa semi zilizofunguliwa zisifungwe. Nilimwonyesha, nikitarajia aniambie ni jambo dogo. Alivaa miwani, akaisogeza simu karibu na uso, akasema, "Mwanangu, hii ni ndoano imegeuzwa. Itashika nini?" Tukazirekebisha zote, moja baada ya nyingine, kwa sababu nyingine zilikuwa semi za kweli na mashine isingeweza kuzitambua.

Kisha ikaja mistari yenyewe. Kitabu cha karatasi kinabeba mshororo wa mizani kumi na sita bila taabu. Simu haiwezi, hasa ikiwa msomaji ana umri wa mshairi wetu na amekuza herufi. Mshororo ulikatika popote ulipoishiwa na nafasi, na kipande kilichoanguka chini kikaonekana kama mshororo mpya. Ubeti wa mishororo minne ukawa na mistari saba, vina vikapotea. Nilipendekeza kipande kinachoanguka kiingizwe ndani kidogo, kama wafanyavyo wachapaji wa mashairi ya Kiingereza. Mzee alikataa. Alisema ukwapi na utao vina mahali pao pa kukutana, na mahali hapo hapaamuliwi na upana wa kioo. Alikuwa sahihi kunishinda. Tuliweka ukwapi mstari wake na utao chini yake ukiingia ndani, kila mahali, kwenye simu na kwenye kishikwambi, hata pale ambapo nafasi ingetosha. Baadaye nilikumbuka kwamba katika miswada ya zamani ya tendi kwa hati ya Kiarabu, vipande vingi vilikaa kwenye mstari mmoja, vikitenganishwa kwa alama ndogo. Waandishi wale nao walikuwa wakipatana na upana wa karatasi, ila walipatana kwa kuheshimu kipande.

Kati ya beti mzee alitaka nyota. Alichagua ✳ yenye miale minane, nyembamba, ya kupendeza. Kwenye kompyuta ilikuwa hivyo. Kwenye simu mbili kati ya zile nilizojaribia, katikati ya shairi la kumlilia mkewe, ilitokea kisanduku cha kijani kibichi chenye nyota nyeupe ndani, kama kibandiko cha sokoni. Alama hiyo imo pia katika orodha ya emoji, na simu hujiamulia iivalishe rangi au la. Kuna nambari ya kuongeza nyuma yake, FE0E, inayoiomba simu iache rangi, lakini si kila simu husikia ombi. Tukaweka vinyota vitatu vya kawaida, * * *, ambavyo kila kibodi duniani inavyo. Mzee alisema vinatosha. Marehemu hakuwa mtu wa mapambo.

Mwandishi mwingine wa Mombasa, huyu wa vitabu vya dini, alinifunza kwamba kuna mahali ambapo kisanduku kitupu hakivumiliki. Kila alipomtaja Mtume aliweka ﷺ, sala nzima iliyobanwa kwenye nambari moja, FDFA. Kwenye simu nzuri ilionekana. Kwenye simu nyingine ilikuwa doa dogo lisilosomeka. Kwenye simu ya bei nafuu ya mwanafunzi wake ilikuwa kisanduku. Hakusema mengi. Alisema tu kwamba hawezi kuliacha jina lile likifuatwa na sanduku. Tukarudi kwenye (S.A.W.), kama vitabu vya Kiswahili vinavyofanya tangu zamani, na hakuna msomaji aliyepungukiwa. Aya za Kiarabu tulizibakiza kwa fonti ya Amiri iliyopachikwa, nikaziwekea maelezo kwamba zinasomwa kutoka kulia, maana bila hivyo mabano na nukta za sentensi ya Kiswahili huvutwa na mkondo wa Kiarabu na kuangukia upande usio wao. Nafasi kati ya mistari ikaongezwa pia. Ilipobanwa, harakati za juu, yaani alama za irabu, zilikatwa vichwa.

Bei ni jambo dogo, lakini huniudhi. Sisi huandika 5,000/=, na programu nyingi za kusomea huona mkwaju na kudhani ni pa kukatia mstari. Unakuta 5,000/ mwisho wa mstari na = ikianza mstari unaofuata, peke yake, kama hesabu iliyoachwa njiani. Naizuia kwa amri ya mtindo inayokataza kukatika, na sijawahi kuona mhariri mwingine akijali.

Aliyenifanya nijali mengi kuliko niliyoyaona kwa macho ni mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu asiyeona. Alisoma kwa masikio: simu ilimsomea kitabu kwa sauti. Alinipigia kuhusu riwaya ya Kiswahili iliyotoka mahali pengine, akaishikilia simu yake karibu na ile aliyonipigia nisikilize. Sauti ilikuwa ya mtalii aliyeshushwa uwanja wa ndege saa hiyo. Nilipoifungua faili nikakuta, katika mistari ya mwanzo isiyoonekana na msomaji, lugha ya kitabu imetajwa kuwa "en". Programu iliyotengeneza faili huweka Kiingereza yenyewe usipoiambia vingine. Nikaandika "sw", nikamtumia. Sasa ilisoma Kiswahili, ila kila ilipofika ng'ombe ilisita katikati, ng, kimya, ombe, kwa sababu ritifaa zilikuwa zile zilizogeuzwa, za kufungua usemi. Tulipozinyoosha, ikapita. Kabla ya mazungumzo yale nilidhani mwelekeo wa ritifaa ni suala la urembo. Herufi mbili hizo, sw, pia ndizo zinazoikataza programu isikate maneno yetu mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza.

Siku hizi miswada mingi huandikwa moja kwa moja kwenye simu, na swali ninaloulizwa sana si la kuonyesha tena bali la kuandika. Kijana mmoja anayeandika hadithi kwa Kikamba aliniuliza kama si afadhali aache viwimbi kabisa. Wakamba wenzake kwenye simu hawaviweki na wanaelewana. Nilimwambia kwamba ujumbe wa simu husomwa na mtu anayejua tayari unachotaka kumwambia, ilhali kitabu husomwa na mtoto wa mjini anayejaribu kujua neno hilo litamkwe vipi. Hakukubali mara moja. Alisema ni rahisi kusema hivyo ukiwa na kompyuta, ambako unaandika 0169, unabonyeza Alt na X, na ũ inatokea. Hilo nilimkubalia. Kibodi za simu za lugha zetu zipo, nikamwonyesha ya Kikuyu ambayo herufi zake zinamtosha, lakini ilikuwa ikimsahihishia maneno ya Kikamba yawe ya Kikuyu, na hilo lilimkera kuliko kukosa viwimbi.

Tukaafikiana kwa njia ya kienyeji. Anaandika kwa kibodi aliyoizoea, na kila panapotakiwa kiwimbi anaweka ~ mara baada ya herufi: mu~ndu~, ki~la. Anasema vidole vimeshazoea na hasimami tena kutafuta. Jana usiku imeingia sura mpya kwa WhatsApp, imejaa u~ na i~ kutoka juu hadi chini, na kuzibadilisha zote kulichukua muda mfupi kuliko kuipakua. Amenikumbusha nisiiguse ile ~ iliyo katika nambari ya simu ya mganga, ukurasa wa tatu. Hiyo aliiweka makusudi.